Tuwacheke Barbados polepole

Barbados, kisiwa cha Karibi, ilipomwondoa Malkia Elizabeth kama mkuu wa nchi tarehe 30 Novemba 2021 na kumwapisha Sandra Mason kuwa rais wa kwanza, jamaa zangu wa nyumbani walicheka sana. Miaka 55 tangu uhuru ndiyo wanazinduka? Sisi Tanganyika tulipata uhuru 1961, mwaka uliofuata tukawa jamhuri, basi. Mimi ni mtu wa Pangani, naishi Bridgetown, mji mkuu wa Barbados, na nasema kicheko hicho kina ujinga ndani yake.

Kwetu mkoloni alikuja akatukuta. Hapa Waingereza waliweka makazi 1627 kwenye kisiwa ambacho wenyeji wake wa kale walikuwa hawapo tena. Wakaleta miwa, wakaleta Waafrika wa kuilima, na 1661 wakatunga sheria ya kuwamiliki. Taifa zima limezaliwa ndani ya shamba la bwana. Jina la ukoo la Kiingereza, kanisa la Kianglikana, kriketi (usiombe uwakute wanabishana kriketi): utamwambia mtu avue kipi abaki na kipi? Sanamu ya Nelson, amirali wa Kiingereza, iliwekwa mjini 1813, ikaondolewa 2020. Sawa, walichelewa.

Lakini asubuhi nikiwa kwenye foleni ya magari pale Haggatt Hall, nampita mtu wa shaba, kifua wazi, mikono juu, minyororo iliyokatika inaning'inia. Sanamu ya ukombozi hiyo, ipo tangu 1985. Watu wanaiita Bussa, kwa jina la mtumwa aliyeongoza uasi wa 1816. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima, alinikaribisha cou-cou, yaani ugali wa mahindi uliosongwa na bamia, unateleza lakini ni ugali. Katikati ya chakula akaninyooshea kidole: wazee wake walikuwa watumwa wa shamba lile pale. Hakushusha sauti.

Sasa niambie, Pangani nani atasema hivyo? Karne ya 19 mashamba ya miwa kando ya mto wetu yalilimwa na watumwa, na wajukuu wao hawakupaa mbinguni. Ila ukiuliza, kila mtu ni Mshirazi, au babu yake alikuwa mfanyabiashara. Utumwa tumewaachia Waarabu na majumba ya makumbusho, halafu unasikika kwa minong'ono siku ya posa. Hata fidia ya kukomesha utumwa ilikwenda kwa mabwana, huku na kwetu: Waingereza walitenga pauni milioni 20 kwa wenye watumwa wa makoloni yao, na Zanzibar mwaka 1897 waliofidiwa ni mabwana vilevile. Huku wanaisema hasira hiyo hadharani. Sisi wengi hata hatujui.

Ninachowahurumia watu wa Barbados ni ardhi. Watumwa walipokuwa huru kabisa 1838, shamba lilibaki la bwana, kwa hiyo walijenga vijumba vya mbao juu ya mawe yaliyopangwa tu, bila msingi. Ukifukuzwa, unabomoa kuta, unapakia mkokoteni, unahama. Sheria ya kuwawezesha wapangaji wa mashambani kununua viwanja vyao kwa bei ndogo ilikuja 1980! Mimi nina minazi ya babu. Nikirudi likizo nitamwuliza mjomba shamba lile lilikuwa la nani kabla ya babu, na nani alililima. Najua atakasirika.