Kapumzike nyumbani, tutakuita

Shuleni tulifundishwa tasfida, kwamba mama amejifungua siyo amezaa, mzee amefariki siyo amekufa, na ni adabu nzuri tu sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni hii tasfida ya kazini. Mshahara umechelewa miezi miwili unaambiwa kuna changamoto, ukiuliza lini unaambiwa linafanyiwa kazi, na siku ukifukuzwa hata hilo neno kufukuzwa hulisikii.

Jirani yangu ni dereva, kampuni yao ilikosa tenda bosi akamwita ofisini akamwambia kwa upole kabisa, "kaka wewe kapumzike nyumbani kwanza, hali ikikaa sawa tutakuita." Barua hakuna. Basi akawa anasubiri kweli, simu haizimwi hata usiku, yunifomu mkewe kaifua kaipiga pasi inaning'inia nyuma ya mlango, miezi miwili na nusu. Alivyoamua kwenda mwenyewe mlinzi wa getini ndo anamwambia gari lako siku hizi lina mtu mwingine.

Sasa hapo ndo upole unapoumiza. Sheria yetu Tanzania ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aseme sababu, washauriane, na aliyetimiza mwaka analipwa kiinua mgongo, mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliofanya, mwisho miaka 10. Na ukiona umeonewa una siku 30 tangu uachishwe kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mtu aliyeambiwa kapumzike anazihesabu hizo siku 30 kuanzia lini jamani?

Ila siwezi kusema basi tuongee makavu tu. Kuanzia mwishoni mwa 2015 enzi za Magufuli tulikuwa na kutumbua majipu, yaani kuwatimua watumishi wa serikali hadharani, na watu tulishangilia, mimi mwenyewe nilishangilia. Lakini ukilitazama vizuri jipu nalo ni neno linaloficha, halikwambii huyu mtu kaiba nini au kakosea wapi, linamvua nguo tu huku wanae wanasikia redioni. Ile "atapangiwa kazi nyingine" ya kwenye matangazo ya serikali mtu akiondolewa angalau inamwachia mtu uso wa kurudi nao mtaani, hata kama wakati mwingine hiyo kazi nyingine haiji. Na bosi pia ni binadamu, kumtazama baba wa familia umwambie kazi imeisha siyo jambo dogo.

Kwa hiyo mimi naona mdomo uwe laini unavyotaka, mpe kiti, mpe maji, ongea nae faragha, ila kwenye karatasi liandikwe neno lenyewe, ajira imesitishwa, tarehe fulani, sababu hii.

Jirani sasa hivi anahangaika na fomu ya kuomba kufungua lalamiko nje ya muda, na pale kwenye sababu za kuchelewa hana cha kuandika zaidi ya kwamba aliambiwa asubiri.