GB 8 zimepotelea ndani ya nyumba

Kompyuta yangu ya mezani ina ramu (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 16, vijiti viwili vya 8, na imeishi nazo muda mrefu bila neno. Sasa juzikati nikaona imekuwa nzito, kivinjari kinafunguka kwa kujivuta, nikaenda kuangalia sifa za mashine nikakuta imeandika GB 8. Nikazima nikawasha, 8. Nikaiangalia, ikaniangalia.

Mama akapita nyuma yangu akauliza nalalamika nini, nikamwambia mama ramu zipo humo ndani ila kompyuta haizioni. Akasema kama haizioni si uiwekee taa, akaenda zake.

Kosa lililofuata ni habari kumfikia shemeji. Shemeji yangu huyu ana flashi moja tu yenye Windows, na ugonjwa wowote wa kompyuta dawa yake ni kupiga windo, yaani kuinstoo Windows upya. Kibodi imemwagikiwa chai, piga windo. Printa haina wino, piga windo. Akaja na flashi mfukoni, hata maji hajanywa akasema hiyo ni Windows ya biti 32, ndo maana haioni ramu yote. Nikamwambia shemeji, biti 32 anwani zake zinaishia GB 4, mimi nasomewa 8, itakuwaje? Akanyamaza kidogo halafu akasema "basi ni 64 mbovu".

Nikaingia kwenye msconfig, kidirisha cha mipangilio ya Windows, kule kwenye mipangilio ya kuwaka kuna kakisanduku ka kuweka kikomo cha ramu, watu wakitafuta spidi huwa wanakatiki na Windows inaanza kujinyima yenyewe. Hakajatikiwa. Nikaingia bayosi, ile programu ya mashine yenyewe, na hapo ndo penye hukumu, maana bayosi inahesabu kabla Windows haijaamka. Bayosi nayo ikasema 8, kijiti kimoja tu. Nikamwambia shemeji umeona sasa, Windows haihusiki hata kidogo. Akasema sawa, lakini wakati uko humo humo bayosi ngoja nikuwekee flashi iwe ya kwanza kwenye kuwaka, huwezi jua. Akabonyeza, akasevu, akaichomeka nyuma ya mashine. Nikamwacha, ni shemeji.

Nikachomoa umeme, nikafungua ubavu, vumbi lililotoka humo acha tu. Nikatoa vijiti, nikasugua ile miguu ya dhahabu kwa raba ya kufutia penseli, nikapuliza, nikarudisha mpaka vikalia ka. 8. Nikabadilishana nafasi, cha huku kule cha kule huku. 8. Nikaweka kimoja kimoja, na hapo picha ikaanza kujichora: kijiti chochote kwenye sloti za upande wa kwanza kinasomeka, kijiti hicho hicho ukikipeleka upande wa pili peke yake mashine haiwaki kabisa, inalia tu pii, pii, pii. Yaani ramu zote nzima, upande mmoja wa sloti ndo umekufa. Shemeji akasema hizo pii ni mashine inaomba windo.

Nikawa nimeinama na tochi ya simu naikagua mazabodi, ile bodi kuu (mama alikuwa sahihi kwenye suala la taa, sikumwambia), ndo macho yakatua kwenye feni ya prosesa, ubongo wa kompyuta. Ina skrubu nne zenye springi. Tatu springi zake zinapumua vizuri, ya nne imekandamizwa mpaka mizunguko inagusana, na kichwa cha skrubu kimechubuka. Nikauliza kwa sauti, nani kagusa feni humu? Mdogo wangu akajibu toka chumbani, kwa fahari kabisa, "Mimi bro, ilikuwa inapiga kelele nimelala, nikaikaza."

Kaikaza kweli. Sasa mashine za siku hizi kinachoendesha ramu kimo ndani ya prosesa yenyewe, na prosesa inakalia vipini vidogo vingi sana kwenye soketi, ukiikandamiza kona moja kwa nguvu za mtu mwenye usingizi, kona nyingine zinainuka kidogo, baadhi ya vipini havigusi sawasawa na njia ya kwenda upande mmoja wa ramu inakatika. Nikalegeza zote nne, nikaanza kukaza upya kwa msalaba, kidogo hapa kidogo kona ya pili, mpaka zikalingana. Nikarudisha vijiti vyote viwili, nikachomeka umeme, nikaenda moja kwa moja bayosi.

GB 16.

Nilipiga ukelele mpaka mama akaja na mwiko. Mdogo wangu akasema si unaona, na kelele imeisha. Nikatoka bayosi kwa furaha ili Windows iwake nikawaonyeshe, skrini ikawa nyeusi, ikafikiri, ikaleta ukurasa wa bluu unaouliza nataka kuinstoo Windows kwa lugha gani.

Shemeji akavuta kiti. "Mimi sijagusa kitu shemeji, imeomba yenyewe."