Ziwa sawa, ila si kwa ndege

Mjomba alirudi Mwanza ndani ya begi la mkononi. Binti yake alilipakata kutoka London mpaka hapa, na tulipompokea uwanja wa ndege mama aliuliza jeneza liko wapi. Tulikuwa tumeshamweleza kwa simu, zaidi ya mara moja. Alisikia, lakini moyo wake ulikuwa haujakubali.

Wosia mjomba aliuandika mwenyewe: achomwe hukohuko Uingereza, majivu yake yaletwe nyumbani, yamwagwe kutoka kwenye ndege juu ya Ziwa Victoria, kati ya Mwanza na kisiwa cha Ukerewe, alikozaliwa. Niseme msimamo wangu mapema, kwa sababu ndugu zetu wengi walioko ughaibuni wanazeeka hukohuko na wosia wa namna hii utazidi kutufikia. Kwenye kuchomwa sina neno. Ziwa nalo sawa kabisa. Ninachokipinga ni ndege, na nilikuwa ndani yake.

Hilo neno "kuchomwa" lilitutesa kabla ya mengine yote. Kwetu anayechomwa ni mwizi aliyepigiwa kelele sokoni. Wazee walipolisikia waliinamisha vichwa, mmoja akaondoka bila kuaga. Sisi ni Wakatoliki; Kanisa liliruhusu kuchoma maiti tangu 1963, ila waraka wa Vatikani wa 2016 unakataza kuyatawanya majivu hewani, ardhini au majini. Unataka yahifadhiwe mahali patakatifu. Nilipousoma wakati ule nilikasirika, nikaona unatuingilia. Majirani zetu Waislamu, ambao kwao jambo lenyewe ni haramu, walikuja msibani wakakaa nasi mkekani mpaka matanga yakaanuliwa. Sitawasahau.

Majivu ya mtu si kama ya jikoni. Tanuri hufika nyuzi 800 hadi 1,000 za Selsiasi, na baada ya saa moja na nusu au mbili kinachobaki ni mifupa, nayo husagwa. Mtu mzima hubakiza kilo 2 hadi 3 hivi. Nilipolipokea kopo la mjomba mikono ilishuka, sikutegemea uzito ule. Ndani yalikuwa na rangi ya chokaa iliyochafuka, yenye chengachenga kama mchele uliokatika.

Ndege ilikuwa ndogo, ya injini moja. Nafasi zetu zilikuwa mbili, yangu na ya binamu. Rubani alitukataza kumwagia kopo dirishani, kwa kuwa upepo hurudisha majivu ndani na kuwajaa watu machoni. Tuliyatia kwenye mfuko wa kitambaa wenye kamba mbili, moja ya kuushikia, nyingine ya kufungulia mdomo ukishakuwa nje. Akapunguza mwendo, akalaza bawa kidogo, akasema, "Sasa." Binamu akavuta. Likatoka wingu jembamba, likanyooka nyuma yetu kama uzi, na nilipogeuza shingo nilitazame vizuri halikuwepo tena. Baba Yetu niliyoianza nilimalizia kwenye mngurumo wa injini, sijisikii hata mwenyewe.

Watu wa msiba, kama arobaini, walikuwa wanangoja ufukweni Kayenze. Walichokiona ni ndege inapita juu kama zinavyopita zote zinazokwenda Bukoba. Hakuna aliyejua dakika ya kuanzisha wimbo.

Tulipowafikia, binamu alimwambia mama, "Shangazi, tumemaliza."

"Mmemwacha wapi, mwanangu?"

"Ziwani."

"Ziwani wapi?"

Ziwa hili lina kilomita za mraba zaidi ya 68,000. Tulikuwa juu yake, tumeliona lote tupu mbele yetu, na hatukuwa na jibu.

Wapo watakaonitajia Nehru, waziri mkuu wa kwanza wa India. Ni kweli, alipofariki 1964 majivu yake mengi yalimwagwa kwa ndege juu ya mashamba ya wakulima wa India, kama alivyousia. Lakini yeye alikuwa mtu wa nchi nzima. Kila mkulima aliweza kusema ameangukia shambani kwake. Na hata yeye aliomba konzi moja iende kwenye mto Ganga kule Allahabad, mahali panapojulikana. Hata majivu ya Gandhi yaliyoletwa Jinja mwaka 1948, pale Mto Nile unapotoka kwenye ziwa letu hilihili, yana mahali: ipo sanamu yake, unasimama, unatazama maji. Mjomba alikuwa mtu wa kijiji kimoja na dada mmoja.

Sisi wa kanda hii tunajua kukosa mahali kunavyouma. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996, waliopatikana wakazikwa Igoma wana ndugu wanaoweza kwenda kufagia kaburi. Wasiopatikana, ndugu zao walibaki na ziwa lote. Watu hawa hawakuchagua. Sisi tulichagua, tena tukalipa.

Kwa hiyo ukiachiwa wosia wa ziwa, kodi mtumbwi wa injini, au mitatu. Wapande wazee, wapande akina mama wa kuimba, apande dada wa marehemu awe karibu na maji. Zima injini. Mwage taratibu kwa mkono ulioshuka, upepo ukiwa mgongoni. Chenga zitazama palepale, vumbi litabaki juu kidogo, na maua yatawaonyesha mahali. Mwanza haina uhaba wa mawe. Mvuvi atakutajia lipi liko kulia na lipi liko nyuma yako, na mtoto wa marehemu ataweza kurudi hapohapo miaka 20 baadaye. Na kama wosia unasema ndege na roho inakusuta kuubadili, basi muombe rubani akuandikie namba za GPS za pale mfuko ulipofunguliwa. Ni karatasi moja tu. Hatukuiomba, na rubani hakututajia.

Mama bado huvuka kwenda Nansio, Ukerewe, kila baada ya miezi michache. Kivuko kikishaacha mawe ya mjini huinuka kwenye kiti, hujifunga khanga vizuri, huenda kushika vyuma vya pembeni. Mwanzoni alikuwa akiniuliza, "Ni hapa?" Siku hizi haniulizi. Husimama hivyo, akiyatazama maji, mpaka tunafika.