Usalama wa Maziwa Makuu hausomwi kwenye ramani

Kila mapigano yakizuka Kivu, mashariki mwa Kongo, wachambuzi wetu wa usalama hujaa kwenye vipindi na ramani zenye mishale, na dakika chache baadaye jibu limepatikana: chuki za kikabila za tangu enzi. Inaniudhi. Mauaji ya kimbari ya Rwanda nayo yalielezwa hivyohivyo mwaka 1994, na yupo mwanahistoria aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba si kweli.

Alison Des Forges alianzia mbali na vita. Tasnifu yake ya udaktari, Yale, 1972, ilimhusu mwami (mfalme) Musinga wa Rwanda, aliyetawala kuanzia 1896 hadi Wabelgiji walipomng'oa 1931. Fitina za ikulu, utasema. Lakini humo ndimo unamoona amri inavyoshuka hadi kilimani, kwa mwananchi wa kawaida, nani anaitii na nani anaikwepa.

Alipochunguza mauaji ya kimbari hakuishia kwenye simulizi za walionusurika. Yeye na wenzake walipekua makabrasha ya mkoa wa Butare, kusini mwa Rwanda, na ya komuni zake, yaani ngazi ya utawala chini ya mkoa: mihtasari ya vikao, barua, maagizo. Barua ya ofisi husomwa tarehe kwanza, kisha sahihi na mhuri, halafu orodha ya waliopelekewa nakala. Wengi huiruka orodha hiyo, na ndiyo inayosema nani alijua na alijua lini. Kisha ilinganishe na mashahidi, kwa sababu ofisa huweza kuandika "usalama" akimaanisha mauaji, na shahidi huweza kulikumbuka tukio sawasawa akakosea siku.

Butare inatosha kuvunja hoja ya chuki za damu. Mkuu wa mkoa, Jean-Baptiste Habyalimana, alijitahidi kuzuia mauaji, na ukiacha komuni chache kama Nyakizu, sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa haijawaka. Akaondolewa, baadaye akauawa. Tarehe 19 Aprili rais wa serikali ya mpito, Théodore Sindikubwabo, akaja kuhutubia, na mauaji yakaenea mkoa mzima. Chuki ya asili haingoji uteuzi wa kiongozi mpya.

Nakubali, mtetezi wa haki za binadamu kama yeye, aliyetoa ushahidi wa kitaalamu katika kesi 11 za mahakama ya kimataifa ya mauaji ya Rwanda mjini Arusha, lazima aulizwe yuko upande gani. Lakini huyohuyo aliandika pia mauaji yaliyofanywa na RPF, waasi waliotwaa madaraka Rwanda 1994, na 2008 Rwanda ikamzuia kuingia. Alifariki Februari 2009 katika ajali ya ndege karibu na Buffalo.

Kumbukumbu za mahakama ile zinatunzwa Lakilaki, Arusha. Kesi ya Butare, yenye washtakiwa 6, ilianza 2001 na hukumu ya rufaa ikatolewa Desemba 2015. Mchambuzi anayetaka kutueleza Kivu aanze na majalada hayo.