Usiulize lenzi inavuta hadi wapi, uliza utasimama wapi

Kila anayetafuta lenzi ya kuvuta huanza na swali lile lile: inavuta kiasi gani? Mwenye duka keshalizoea, na jibu lake limeandikwa kwenye boksi: 300, yaani milimita za lenzi, na zikizidi inavuta zaidi. Akikuona una hela zaidi, anapanda ngazi kushusha 600. Mimi nasema wengi wetu tunaopiga picha huku kwetu, za harusi, mahafali, ibada, mpira na safari ya mbugani mara moja moja, tunanunua milimita tusizozihitaji na kuuacha dukani mwanga tunaouhitaji kila Jumamosi.

Nianze na hizo milimita zenyewe, maana hesabu yake ni nyepesi na hakuna muuzaji atakayekufanyia. Kamera nyingi tunazoanzia, Canon kama 2000D na 250D au Nikon kama D3500 na D5600, zina sensa, kile kibao cha ndani kinachopokea mwanga wa picha, yenye upana wa karibu milimita 24, za Canon zikipungua kidogo. Chukua umbali wa unachokipiga kwa mita, zidisha kwa 24, gawa kwa milimita za lenzi. Jibu ni upana wa eneo litakaloingia kwenye picha, kwa mita. Kama kamera yako ni fulufremu, yaani yenye sensa kubwa zaidi, weka 36 mahali pa 24.

Haya, tujaribu. Umekaa nyuma ya goli, lenzi ni 300, na goli la upande wa pili liko kama mita 100. Mia moja mara 24, gawa kwa 300: mita 8. Goli lina upana wa mita 7.32. Yaani kutoka ncha moja ya uwanja hadi nyingine, goli zima linajaa fremu, na mchezaji aliyesimama ndani yake anachukua kama theluthi ya kimo cha picha. Hiyo ni 300, lenzi ambayo watu wanaidharau kuwa fupi! Simba dume aliyelala mita 50 kutoka barabarani, ambaye bila mkia ni kama mita mbili, anajaza nusu ya upana wa picha. Ukitaka uso tu, utaikata picha nyumbani. Picha ya megapikseli 24 ukiipunguza nusu ya upana na nusu ya kimo inabaki na megapikseli 6, na hizo WhatsApp itazibana zaidi hata kabla hazijamfikia shangazi. Kwenye karatasi ya A4 bado inapendeza.

Anayeonewa na hesabu hii ni mpiga ndege. Mdiria mdogo hafikii sentimita 15, na akiwa mita 10 tu mbele yako, 300 inakupa eneo la sentimita 80, ndege mwenyewe akiwa sehemu moja ya sita ya hilo. Hapo 600 ina kazi ya maana. Kama ndege ndio wito wako, au unaongoza watalii na unalala mbugani wiki nzima, ruka makala hii, nunua 150-600 ya Sigma au Tamron, ubebe hizo kilo mbili na Mungu akubariki. Sisi wengine tuna shida tofauti.

Shida yetu ni mahali tunaposimamishwa. Kanisani padre amekataza wapiga picha kukaribia altare, umepangiwa nguzo ya tatu, mita 15 kutoka kwa maharusi. Fanya hesabu: kwa lenzi ya 200 unapata upana wa mita 1.8, yaani bwana na bibi harusi wakivishana pete, kiuno kwenda juu, na nafasi ya mikono. Umbali umekwisha kutatuliwa, na hata 300 hujaigusa. Kinachobaki ni kiza, hasa mkihamia ukumbini. Lenzi nyingi za bei ya kawaida, ukizivuta hadi mwisho, tundu lake la kupitisha mwanga hubaki f/5.6; namba ikipungua, tundu linakuwa kubwa. Lenzi ya f/2.8 inaingiza mwanga mara nne ya hiyo. Mara nne si jambo la kitaalamu tu la kujadili vijiweni. Ukumbini saa tatu usiku, chini ya zile taa za zambarau ambazo wapambaji wetu wamezipenda mno, aliye na f/2.8 anapiga kwa ISO (wepesi wa sensa kuhisi mwanga) 3200 na shata (muda wa kuingiza mwanga, kwa sekunde) ya 1/250. Mwenye f/5.6 ana njia mbili: apande hadi ISO 12800 apate chengachenga, au ashushe shata hadi 1/60 na bibi harusi anayeingia kwa madoido atoke kama moshi.

Hapo mtu ataniambia, mbona lenzi yangu ina kizuia mtikisiko? Ndiyo, inacho, na ni kitu kizuri. Canon wanakiandika IS, Nikon VR, Sigma OS, Tamron VC. Lakini kinatuliza mkono wako wewe. Hakimtulizi bibi harusi, wala hakimsimamishi winga anayekata kona. Anayetembea anataka walau 1/250, anayekimbia mpira anataka 1/1000, na kasi hiyo inatoka kwenye mwanga, haitoki kwenye kitufe cha pembeni ya lenzi.

Hata hivyo kisipokuwepo utakijua. Desturi ya zamani inasema kasi ya shata isipungue sekunde moja gawa kwa milimita unazotumia, na kwa sensa zetu ndogo uongeze nusu tena: kwa 300, walau 1/450. Bila kizuia mtikisiko, jua likianza kuinama umeishiwa. Ndiyo maana siipendi Canon EF 75-300mm, ile inayoletwa pamoja na kamera kwenye boksi moja la ofa. Haina kizuia mtikisiko, mota yake ya fokasi ni ya kizamani na ina kelele, na ukifika 300 picha inalegea. Watu wanaichukua kwa sababu 300 ni kubwa kuliko 250. Wakati huo huo ipo EF-S 55-250mm IS STM, nyepesi ya gramu 375 hivi, inayotuliza mkono na kutoa picha kali zaidi. Milimita 50 za tofauti hutaziona. Tafuta hesabu yetu pale juu uhakikishe. Kasoro yake ni moja, haifungi kwenye bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za fulufremu kama 6D, kwa hiyo ukipanda daraja utaiuza.

Upande wa Nikon mtego uko kwenye herufi. AF-P DX 70-300 zipo mbili zinazofanana kama pacha, moja ina VR na nyingine haina, na tofauti ya bei isikudanganye: chukua yenye VR. Halafu angalia bodi yako. AF-P haifanyi fokasi kwenye bodi za zamani kama D90 na D3100, hata kwa mkono haikubali, kwa kuwa pete yake inategemea umeme wa kamera. Kinyume chake pia kipo. Lenzi nzito za zamani kama AF 80-200mm f/2.8D, ambazo sokoni zinapatikana kwa bei ya kutamanisha, hazina mota ndani. Kwenye mfululizo wa D3000 na D5000 utazungusha fokasi mwenyewe harusi nzima. Kwenye D7000 na D750 zinafanya kazi vizuri.

Sasa, 70-200 f/2.8 mpya inaweza kuzidi bei ya bodaboda mpya, na bodaboda italeta hesabu kila jioni. Simwambii anayeanza akakope. Ninachomwambia, na najua wapo watakaobisha, ni kwamba kama huna hela ya f/2.8 usijifariji kwa kuongeza milimita. Nunua 85mm f/1.8. Haivuti, haina zumu, inakaa kwenye kiganja, na inaingiza mwanga zaidi ya mara mbili ya hiyo f/2.8 ya gharama. Ukisimama mita 6 kutoka meza ya maharusi unapata upana wa mita 1.7, karibu sawa na yule wa 200 aliyeko kwenye nguzo. Tofauti ni miguu yako, na ujasiri wa kupita mbele ya wajomba walionyanyua simu juu. Ukumbini unaruhusiwa kusogea. MC hana habari na wewe. Kanisani ndipo utabanwa, na hapo mara nyingi ni mchana, madirisha yapo wazi, 55-250 itakuvusha.

Kwa hiyo mkoba ninaoupendekeza ni lenzi mbili za bei ndogo: 55-250 au 70-300 yenye VR kwa mchana, 85 kwa usiku. Kazi zikianza kulipa, tafuta 70-200 f/2.8 iliyotumika. Canon EF 70-200mm f/2.8L ya mwaka 1995, ile isiyo na IS, watu wanaikimbia kwa sababu ya kukosa herufi mbili, na mimi naona ndiyo yenye thamani kuliko zote. Harusini unapiga kwa 1/250 kwenda juu hata hivyo, na ukihamia bodi za EOS R, zile mpya za Canon, inaingia kwa adapta na fokasi inafanya kazi. Uzito wake ni zaidi ya kilo moja na robo, basi jiandae na mkanda mpana, maana kufikia saa sita usiku bega litakuuliza maswali.

Na mbugani je? Hapa ndipo maneno ya "600 tu" yana nguvu, na nakubali yana sababu. Kwenye kreta ya Ngorongoro gari haliruhusiwi kuacha njia, na faru ana tabia ya kusimama mbali kama anayejua. Lakini kabla ya kununua lenzi kwa ajili ya siku mbili za mwaka, fikiria mambo haya. Kwanza unaweza kuikodi. Pili, 70-200 f/2.8 ikiongezewa kipachiko cha 1.4x, kile kinachokaa kati ya lenzi na kamera na kuzidisha milimita, inakuwa 280 yenye f/4, na kwa 2x inakuwa 400 yenye f/5.6, ukali unapungua kidogo kwa 1.4x na zaidi kwa 2x, ila unabeba kitu kidogo cha mfukoni. Vipachiko vya Canon havifungi kwenye 55-250 wala 75-300, usije ukauziwa kwa matumaini.

Tatu, na hili nalisisitiza kuliko yote, saa. Kuanzia saa tano asubuhi hadi kama saa tisa alasiri ardhi ya Serengeti inatoa mawimbi ya joto, hewa inacheza, na kila mita iliyo kati yako na duma inaharibu picha. Lenzi ya milioni nyingi itakuletea mawimbi hayo hayo, makubwa zaidi. Lango likifunguliwa saa kumi na mbili uwe hapo na 250 yako, utamshinda aliyelala lodge na 600. Mwombe dereva azime injini kabisa, kwa sababu mtetemo wa Land Cruiser hauondolewi na IS yoyote, na uweke lenzi juu ya mfuko wa nguo uliojazwa mchele au maharage ukingoni mwa paa. Tripodi ndani ya gari lenye abiria sita ni ugomvi.

Kuna rafiki ambaye lazima ataleta habari za Nikon P1000, ile kamera ya zumu ya mara 125 inayovuta mwezi hadi mashimo yanaonekana. Ni kweli inavuta. Ile 3000 inayotangazwa ni ya kulinganisha na fulufremu tu. Lenzi yenyewe inaishia milimita 539, kazi nyingine inafanywa na udogo wa sensa, na ikivutwa mwisho tundu lake ni f/8. Mchana kweupe itakufurahisha. Ipeleke ukumbini uone.

La mwisho ni kuhusu vitu vilivyotumika, kwa kuwa Kariakoo au Luthuli ya Nairobi, nyingi za lenzi hizi utakutana nazo zikiwa mkono wa pili. Adui wa pwani ni kuvu. Lenzi iliyokaa kabatini Tanga, Mombasa au Unguja ndani ya mkoba wa ngozi huota nyuzi nyeupe kama utando wa buibui katikati ya vioo, na kusafishwa kwake kunaweza kula nusu ya ulichookoa. Fungua vifuniko vya pande zote mbili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili ukiiinamisha polepole. Vumbi kidogo si kitu. Nyuzi au ukungu, achana nayo. Zungusha zumu usikilize kama kuna mchanga. Piga picha ya ukuta wa matofali kwa f/5.6 na kwa kuvuta mwisho, ukiangalia kona zote nne. Mambo haya yafanye kwenye bodi yako mwenyewe, na kadi yako, si kwenye kamera ya dukani. Muuzaji akisema haina haja, imetoka Dubai juzi, mrudishie lenzi yake uende kibanda cha jirani.