Skani ya pili nani analipia?

Matangazo ya ufadhili wa PhD kuhusu mabadiliko ya ubongo katika saikosisi, yaani magonjwa ya akili kama skizofrenia ambapo mtu hupoteza mguso na uhalisia, hayaishi. Ukizama kwenye bajeti zake, mara nyingi unakuta kila mshiriki kapangiwa kulala mara moja tu kwenye mashine ya MRI, ile inayopiga picha (skani) za ndani ya mwili kwa sumaku. Picha moja inaweza kuonyesha kwamba kundi la wagonjwa linatofautiana na kundi la wazima. Mabadiliko haiyaonyeshi. Mama akimpeleka mtoto kliniki siku moja, kadi inapata nukta moja, na nesi hawezi kusema kama mtoto anaongezeka au anapungua mpaka arudi kupimwa tena.

Msimamo wetu ni huu: mfadhili asiyelipia skani ya pili aliondoe neno mabadiliko kwenye tangazo lake. Na mwanafunzi aliyepewa miaka mitatu au minne asikusanye kundi jipya. Awatafute watu ambao tayari walishapigwa skani ya kwanza.

Tofauti yenyewe haina ubishi tena. Mwaka 1976, watafiti wa Northwick Park, London, waliwapiga skani ya CT, inayotumia eksirei, wagonjwa 17 wa skizofrenia ya muda mrefu, wakakuta vyumba vya maji ndani ya ubongo vimetanuka. Miaka 40 baadaye, mwaka 2016, ENIGMA, ushirikiano wa watafiti wa nchi mbalimbali, uliunganisha picha za MRI za wagonjwa 2,028 na wazima 2,540 kutoka vituo 15. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu, ndiyo iliyoonyesha upungufu mkubwa kuliko sehemu nyingine zote za ndani, kwa tofauti ya 0.46 ukiigawanya kwa mtawanyiko wa kawaida, yaani karibu nusu ya kiasi ambacho watu hutofautiana kwa kawaida.

Namba hiyo isikutishe. Chukua mgonjwa mmoja na mzima mmoja bila kuchagua, rudia mara 100: hipokampasi ya mgonjwa itakuwa ndogo zaidi takriban mara 63. Mara 37 zilizobaki mambo ni kinyume. Ndiyo maana anayekuahidi kutambua skizofrenia kwa kuangalia picha moja ya ubongo anakuuzia mbuzi kwenye gunia.

Swali gumu ni upungufu huo unatoka wapi. Ugonjwa? Dawa? Bangi, pombe, sigara, uzito ulioongezeka? Huko Iowa, Marekani, wagonjwa 211 walifuatiliwa kwa miaka mingi kwa skani za kurudiarudia, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba waliotumia dawa nyingi zaidi walipoteza tishu zaidi. Lakini anayepewa dozi kubwa mara nyingi ndiye aliyeugua zaidi, kwa hiyo huwezi kumhukumu mmoja ukamwachia mwingine. Mwaka 2005 kundi la watafiti wa Pittsburgh, pia Marekani, lilikuwa limewapa nyani wazima haloperidoli au olanzapini, dawa mbili za skizofrenia, kwa miezi 17 hadi 27, sita kwa kila dawa na sita bila dawa. Ubongo wa waliopewa dawa ulikuwa mdogo kwa asilimia 8 hadi 11. Nyani hawakuwa na skizofrenia, basi hapo dawa haina pa kujificha.

Habari hii ikifika mtaani nusunusu, watu wanatupa vidonge. Uchambuzi wa majaribio 65 uliochapishwa mwaka 2012 ulikuta kwamba ndani ya mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia asilimia 64 ya waliobadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani, dhidi ya asilimia 27 ya walioendelea na dawa. Anayeandika tasnifu kuhusu ubongo kusinyaa aziweke namba hizo mbili kwenye ukurasa uleule.

Sasa hesabu ya muda, maana hapa ndipo miradi mingi inapofia. Ili uione tofauti ya 0.5 kwa uhakika wa asilimia 80 unahitaji watu 64 kwa kila kundi. Tofauti ya 0.3 inadai 175. Tuseme mwanafunzi anataka wagonjwa 60 wa tukio la kwanza la saikosisi, na skani ya pili baada ya miezi 12. Vibali vya maadili miezi 8, hasa data zikivuka mpaka. Wagonjwa watatu kwa mwezi, na hiyo ni kliniki yenye bahati, ni miezi 20. Ongeza 12 ya kumsubiri wa mwisho. Umefika mwezi wa 40. Ufadhili wa miaka mitatu ulikauka miezi minne iliyopita. Wa miaka minne umekuachia miezi minane ya kuchambua na kuandika. Robo yao wakihama, wakikataa au wakifariki, umebaki na 45. Kwa hao unatafuta upungufu wa ziada ambao, kwa ubongo mzima, hukadiriwa kuwa chini ya asilimia moja kwa mwaka. Mashine ikibadilishiwa programu katikati ya kazi, badiliko hilo peke yake linaweza kuumeza upungufu wote unaoutafuta.

Tukaribie mashine yenyewe. Picha ya msingi inayoonyesha umbo la ubongo, iitwayo T1, yenye vipande vya milimita moja, inachukua kama dakika tano. Anayetumia haloperidoli anaweza kuwa na mtetemeko, au ile hali ya miguu kutotulia. Kichwa kikisogea kidogo tu, picha huchubuka ukingoni, na programu ya kupima ubongo kama FreeSurfer inalisoma gamba la ubongo kuwa jembamba kuliko lilivyo. Wagonjwa husogea zaidi kuliko wazima. Matokeo yake unaweza kuchapisha upungufu wa tishu ambao kwa kweli ni mtikisiko wa shingo. Dawa yake ni kazi ya mikono: mzoeshe mshiriki kwanza ndani ya mashine ya bandia, mjazie sponji pande zote za kichwa, piga T1 mwanzoni kabla hajachoka, irudie palepale ikiharibika. Anayekagua ubora wa picha asijue ipi ni ya nani, na za kutupa zitupwe kabla ya yeyote kuona majina ya makundi. Ukiwa na skani mbili, tumia njia ya programu inayojenga kwanza kiolezo cha mtu huyohuyo, yaani picha ya wastani ya skani zake, usizichambue kama za watu wawili tofauti.

Kwa Afrika Mashariki kuna mambo ambayo miongozo ya Ulaya haiyagusi. Rasta nene au nywele za kuongezea huzuia koili, kifaa kinachozunguka kichwa ndani ya mashine, kufunga, na pini au nyuzi za chuma huharibu picha. Mshiriki aambiwe siku mbili kabla, asikute habari mlangoni. Kufumua ni kazi ya saa nzima, na pesa ya kusuka upya ni gharama ya utafiti: iingie kwenye bajeti kama nauli. Hirizi yenye kikopo cha chuma nayo ivuliwe, na aliyeivaa aelezwe itawekwa wapi na nani ataishika.

Rekodi ya dawa ni mtihani mwingine. Faili linasema haloperidoli miligramu 5 asubuhi na 5 jioni. Kwa kipimo kinachotumika sana, miligramu 2 za haloperidoli ni sawa na 100 za klopromazini, dawa ya zamani inayotumika kulinganishia dozi, kwa hiyo anahesabiwa 500 kwa siku. Lakini duka la dawa likikaukiwa siku 10 za mwezi, alichomeza kweli ni wastani wa 333. Ukiandika 500 umeharibu hesabu yako mwenyewe ya kutenganisha dawa na ugonjwa. Uliza familia vidonge vingapi vimebaki, na linganisha na tarehe za dirisha la dawa.

Kuna watafiti wanaotupia jicho kanda hii kwa sababu wagonjwa wengi hufika hospitali baada ya muda mrefu kwa mganga au kwenye maombi, bila kugusa dawa. Kisayansi ni kundi la thamani. Lakini tiba isicheleweshwe hata siku moja kwa ajili ya picha safi: mashine ikiwa na foleni, mgonjwa aanze dawa na mtafiti akose alichokitaka. Ridhaa nayo ipimwe. Utafiti wa vinasaba wa NeuroGAP, uliofanyika Ethiopia, Kenya, Uganda na Afrika Kusini, ulitumia maswali 10 ya kuona kama mtu ameelewa alichoelezwa kabla ya kuweka sahihi. Hakuna sababu MRI ifanye pungufu ya hapo.

Na kuwarudia waliokwishapigwa skani? Kunaanza na karatasi. Fomu ya ridhaa ya kwanza isipokuwa na kipengele cha kumruhusu mtafiti ampigie mtu simu tena, mlango umefungwa, hata kama picha zipo. Kwa hiyo kila mradi unaoanza leo uandike sentensi hiyo, uchukue namba za ndugu wawili na jina la mjumbe wa mtaa, na uzitunze mbali na data. Hospitali ikipanga kuing'oa mashine ya zamani, wazima wachache wapigwe kwa zote mbili ndani ya wiki moja kabla haijaondoka, ili tofauti ya mashine ipate kipimo. Mwanafunzi anayeanza hivyo anatumia mwaka wa kwanza kusaka watu kwa simu na bodaboda, na miezi 12 ya kusubiri anaiokoa, kwa sababu nukta ya kwanza ilishawekwa na mwenzake miaka mitano iliyopita. Ukiitwa kwenye usaili wa ufadhili, waulize wenyeji mambo matatu: fomu ya zamani inaruhusu kupiga simu? Mashine ni ileile? Na kwenye bajeti, mstari wa skani ya pili uko ukurasa gani?