Spika imeandikwa ohm 8, mita inasoma 6: nani mwongo?

Chukua spika yoyote iliyoandikwa ohm 8 (ohm ni kipimo cha jinsi kitu kinavyouzuia umeme) nyuma ya sumaku, gusisha waya za mita ya umeme kwenye miguu yake miwili, na mara nyingi utasoma 6 au 6 na ushee. Hapo ndipo maneno huanza. Mnunuzi anarudi dukani amenuna, anasema kauziwa feki. Muuzaji anaapa kwamba mzigo ni orijino. Fundi aliyekaa pembeni naye anatoa hukumu: koili, yaani waya uliozungushwa ndani ya spika, imeungua kidogo, ohm zimeshuka. Nimeyasikia haya Kariakoo, nimeyasikia Luthuli Avenue kule Nairobi, na kila mara watu wanabishania kitu ambacho mita haikukipima.

Mita inatumia betri yake, yaani DC, umeme unaokwenda upande mmoja tu. Inachosoma ni ukinzani wa waya wa koili, basi. Muziki ni AC, umeme unaokwenda na kurudi, na mbele ya AC spika ina tabia nyingine kabisa. Koili inapotikisika ndani ya sumaku inazalisha umeme wake yenyewe, nao unapingana na ule unaotoka kwenye amplifaya. Masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde, inayopimwa kwa Hz) yakipanda, koili hiyohiyo inazidi kuuzuia mkondo kwa sababu ya usumaku wake. Ukijumlisha upinzani wote huo unapata impidansi, na impidansi haina namba moja. Inabadilika kwa kila noti. Ile 8 ya kwenye kibandiko ni makubaliano tu. Kiwango cha kimataifa, IEC 60268-5, kinataka impidansi isishuke chini ya asilimia 80 ya namba iliyoandikwa, kwa hiyo spika ya ohm 8 inaruhusiwa kufika 6.4 na ya ohm 4 inaruhusiwa kufika 3.2. Koili ya spika ya ohm 8 kusoma 6 kwa DC ni kawaida kabisa. Ningeshtuka zaidi kama ingesoma 8 kamili.

Kinachonishangaza ni kwamba watu wanaishia hapo. Mtu anatoa pesa nyingi kwa sabufa, anabishana wiki nzima kuhusu wati (na hizi wati za PMPO, yaani nguvu ya kilele ya matangazo, zinazoandikwa kwenye maboksi ni hadithi za abunuwasi), lakini impidansi hajawahi kuipima. Kwangu mimi, hiki ndicho kipimo pekee cha spika ambacho mtu wa kawaida anaweza kukifanya sebuleni na kupata jibu linalokaribia la maabara. Ukipima sauti kwa maikrofoni, unapima pia kuta, dari, kochi na bodaboda inayopita nje. Impidansi haijali kelele. Unahitaji waya, rezista moja (kipande kidogo chenye ohm zinazojulikana) na utulivu wa moyo.

Rezista ninayoitumia ni ya ohm 10, wati 5, ile nyeupe ya mstatili inayofanana na kipande cha chaki. Inaungwa kwa mfuatano: waya mmoja wa amplifaya unaingia kwenye rezista, rezista inaingia kwenye spika, spika inarudi kwenye waya wa pili. Simu inatoa mlio wa masafa mamoja kwa programu yoyote ya bure ya kuzalisha toni, sauti ikiwa chini, volti 2 hivi zinatosha. Mita unaiweka kwenye AC. Unapima volti kwenye spika, kisha unapima kwenye rezista, unagawanya ya kwanza kwa ya pili, unazidisha kwa 10. Hesabu imeisha.

Spika ya inchi 6 na nusu niliyoitoa kwenye sabufa moja ilisoma ohm 6.1 kwa DC. Kwenye 300 Hz nilipata volti 0.82 kwenye spika na 1.18 kwenye rezista, sawa na ohm 6.9. Nikashuka taratibu. Kwenye 60 Hz volti za spika zikaruka hadi 1.54 na za rezista zikaanguka hadi 0.45: ohm 34. Spika ileile, koili ileile. Hapo kwenye 60 ndipo koni inapopenda kutikisika yenyewe, na ukiigusa kwa kidole unaisikia ikicheza kwa nguvu huku ikila mkondo kiduchu.

Mlima huo mmoja wa ohm unasema mengi. Ukiirudisha spika kwenye boksi lililozibwa, mlima unahamia masafa ya juu zaidi. Boksi likiwa dogo mno, unahamia mbali na besi unayoitafuta inapotea. Boksi lenye tundu la hewa linatoa milima miwili na bonde katikati, na bonde hilo ndilo linaloonyesha tundu limetuniwa masafa gani. Mhandisi Neville Thiele wa Australia alilieleza hili mwaka 1961, na Richard Small akaliendeleza miaka ya 1970 mwanzoni. Leo hii bado tunao mafundi wanaokata tundu kwa kukisia, kisha wanalaumu spika.

Tahadhari ya mita. Zile za njano za bei rahisi, aina ya DT830, upande wa AC zinaanzia volti 200, na kwenye volti moja zinabahatisha. Tafuta mita yenye AC ya volti 2 au ya milivolti. Nyingi pia hupoteza usahihi masafa yakipita mia kadhaa za Hz, ila hapa tunagawanya vipimo viwili vya masafa yaleyale, kwa hiyo sehemu kubwa ya kosa inajifuta. Ukitaka uhakika, weka rezista ya ohm 8.2 mahali pa spika. Ikijibu 8.2, endelea.

Wenye kompyuta watasema REW, programu ya kupima sauti, inachora mchoro mzima kwa sekunde chache, na ni kweli. Lakini amplifaya nyingi ndogo za siku hizi, na za magari, waya zake zote mbili za spika zina moto, hakuna ulio graundi. Ukiunga mmoja kwenye graundi ya kompyuta, unaweza kuaga amplifaya na kompyuta kwa pamoja. Mita ya betri haina balaa hilo.

Kuna jambo jingine ambalo madijei wa kigodoro, ngoma za usiku za mtaani, wanalijua kwa masikio. Shaba ikipata joto, ukinzani wake unapanda karibu asilimia 0.4 kwa kila nyuzi moja. Koili ikiongezeka nyuzi 100, ohm 6 zinakuwa 8 na ushee, mkondo unapungua, muziki unafifia. Dijei anaongeza sauti, koili inazidi kuchemka, na ikifika saa nane usiku gundi inayoshika koili imeachia.

Halafu zipo honi za misikitini na makanisani, ambako huu ujinga wa kupima kwa DC unagharimu fedha za waumini. Honi nyingi zina transfoma ndani kwa ajili ya laini ya volti 100, mfumo unaolisha honi nyingi kwa jozi moja ya waya. Honi iliyowekwa kwenye wati 10 ina impidansi ya ohm 1000, maana 100 mara 100 gawanya kwa 10. Mita ya DC itasoma waya wa transfoma tu, namba ndogo ajabu, na fundi ataitangaza mbovu. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi: spika tupu ya ohm 8 ikiunganishwa kwenye pini za COM na 100V, amplifaya ikifunguliwa mwisho inadaiwa ampea 12.5, yaani wati 1250, na amplifaya yenyewe ni ya wati 100. Kwa amplifaya hiyo, honi kumi za wati 10 zinatimiza ohm 100 na nafasi imejaa. Mfadhili akileta ya kumi na moja, zote zishushwe kwenye wati 5 kwanza, kisha laini nzima ipimwe kwa toni ya 1000 Hz kabla ya kuiunga kwenye amplifaya hiyo. Kwa laini hiyo rezista ya ohm 10 ni ndogo mno. Tumia ya ohm 100.